Wimbi la Pili Linatoka Wapi?

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni fundi redio wa Mikindani, Mtwara. Kisambaza mawimbi changu cha majaribio kina kigeuzi cha dijitali kwenda analogia (kinachobadili namba kuwa mawimbi ya umeme) kinachotoa sampuli, yaani thamani moja moja za wimbi, milioni 100 kwa sekunde. Nikitengeneza wimbi la megahezi 30, kipimo kinaonyesha na jingine la megahezi 70. Je, kigeuzi chenye biti nyingi zaidi kitaliondoa?

JIBU: Ndugu fundi, hakitaliondoa, kwa kuwa biti zaidi hupunguza makelele, takribani desibeli 6 (kipimo cha tofauti ya nguvu) kwa kila biti, ilhali wimbi hilo la megahezi 70 ni taswira, yaani nakala ya wimbi lako, inayozaliwa na uchukuaji wa sampuli wenyewe: 100 ukitoa 30. Kigeuzi hushikilia kila thamani hadi sampuli inayofuata, jambo linalofifisha taswira hiyo hadi desibeli 7 hivi chini ya wimbi lako, kiasi ambacho hakitoshi hata kidogo. Weka kichujio cha kupitisha masafa ya chini, chenye ukomo wa karibu megahezi 40, kabla ya kikuza nguvu. Ungetaka megahezi 45, taswira ingehamia 55, na kichujio kikali cha kutenganisha masafa yaliyokaribiana hivyo ni kigumu kukitengeneza. Hapo ni afadhali kuongeza kasi ya sampuli. Majaribio yafanyie kwenye mzigo bandia (kipingamizi kinachomeza nguvu badala ya kuirusha), si kwenye antena, maana kurusha hewani kunahitaji kibali cha TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.