Kwa nini mfululizo wa 1995 bado unapendwa kuliko filamu
Ndugu, umeuliza kwa nini mashabiki wengi wa Pride and Prejudice, riwaya ya Jane Austen, bado wanautanguliza mfululizo wa televisheni wa BBC wa mwaka 1995 mbele ya filamu ya mwaka 2005. Kwa maoni yangu, sababu kubwa ni muda. Mfululizo una sehemu 6, kila moja ikikaribia saa nzima, kwa hiyo mwandishi wa hati yake ya televisheni, Andrew Davies, alipata nafasi ya kuiacha barua ambayo Darcy, tajiri mwenye majivuno, anajitetea kwa Elizabeth Bennet aliyemkataa isikike kwa kirefu huku Elizabeth akiisoma, akikasirika, kisha akianza kujitilia shaka; filamu hiyo ya 2005, iliyoongozwa na Joe Wright, yenye saa 2 na dakika chache, hulazimika kuyapita hayo haraka.

Hata hivyo, kinachopendwa si uaminifu kwa kitabu pekee, maana tukio linalokumbukwa zaidi, Darcy akikutana na Elizabeth akiwa na shati lililolowa baada ya kuogelea ziwani, Jane Austen hakuliandika kabisa. (Wanaodai kila neno lifuatwe hunyamaza hapo.) Filamu nayo inaushinda mfululizo kwa mandhari, hasa nyumba ya akina Bennet, familia ya Elizabeth, yenye matope na mifugo uani. Ukiwa na jioni moja tu, tazama filamu kwanza.