Jibu: Kalkulasi ya vekta kwanza, usumakuumeme baadaye

Ndugu, umeuliza iwapo unaweza kuchukua somo la juu la umeme na sumaku kabla hujaimudu kalkulasi ya vekta, yaani hesabu ya mabadiliko ya vitu vyenye ukubwa na mwelekeo. Nakushauri usubiri, kwa kuwa kinachowaangusha wengi si fizikia yenyewe bali ni hesabu inayoibeba.

Chukua mfano wa kapasita inayochajiwa, yaani mabamba mawili yenye pengo kati yake yanayolimbikiza chaji. Ukitumia kanuni ya awali ya Ampère, inayohusisha uga wa sumaku kwenye ukingo wa uso na mkondo unaopenya uso huo, kwenye uso unaotobolewa na waya, unapata mkondo. Ukichagua uso mwingine wenye ukingo uleule, lakini unaopita katikati ya mabamba ambako hakuna chaji inayovuka, unapata sifuri. Mwanafizikia James Clerk Maxwell aliondoa mgongano huo katika miaka ya 1860 kwa kuongeza mkondo wa uhamisho, unaotegemea kasi ya kubadilika kwa uga wa umeme. Asiyejua kwamba daivajensi (kipimo cha uga kutawanyika kutoka kwenye nukta) ya kurli (kipimo cha uga kuzunguka nukta) daima ni sifuri, ataikariri nyongeza hiyo bila kuona kwa nini ilikuwa lazima, na mitihani ya ngazi hii, kwa bahati mbaya ya wakariri, hupenda kuuliza sababu.

Anza na nadharia za Gauss na Stokes, zinazounganisha yanayotokea ndani ya ujazo au uso na yanayotokea kwenye mpaka wake. Masharti ya mipaka, yaani kanuni za jinsi uga unavyobadilika pale vitu viwili vinapokutana, yanayoogopwa bure, hutokana na hizo hizo.