Mama, poda ya uyoga itamponya mume wangu fangasi?

SWALI: Shikamoo Mama. Mume wangu analima nyanya hapa Ilula, anashinda kutwa ndani ya mabuti ya mpira. Katikati ya vidole vya miguu pamebabuka, panawasha, panatoa harufu. Kijana mmoja anayeuza virutubisho anamwambia anywe poda ya uyoga wa Ganoderma, kopo shilingi 85,000, eti sayansi imethibitisha kuwa protini yake inaua fangasi. Anasema hata nyanya zetu zinazonyauka tukizinyunyizia maji yake zitapona. Hela tumeshatenga. Tununue? (Mama Wawili, Ilula)

JIBU: Marahaba mwanangu. Hizo hela zishikilie kwanza.

Kijana hajatunga yote. Mwaka 2006 watafiti Wang na Ng walitangaza kwamba wametenga kwenye Ganoderma protini inayozuia fangasi kukua, wakaiita ganodermini. Nimefanya kazi maabara miaka kumi na mbili kabla sijaanza kuotesha uyoga hapa Morogoro, kwa hiyo jaribio la namna hiyo nalijua. Unapanda fangasi katikati ya kisahani chenye jeli, naye anatambaa kila upande kama pamba. Mbele yake unaweka vipande vidogo vya karatasi, vingine vimeloweshwa protini, kimoja hakina. Baada ya siku kama tatu pamba imeshakifunika kile kisicho na protini. Ikikaribia chenye protini inasita, inapinda, inaacha uwazi wenye umbo la mwezi mwandamo. Ukiuona mwezi ule mara ya kwanza moyo unaruka, nakwambia kweli.

Lakini muulize kijana: ni fangasi gani walipimwa? Walikuwa watatu, na wote ni wa mimea: ukungu wa kijivu unaoozesha zabibu na stroberi, Fusarium oxysporum wa mnyauko, na mmoja anayeharibu miti ya matunda. Fangasi wa miguuni kwa kawaida ni Trichophyton, na huyo hakuwemo. Tena waliyotumia ni protini iliyochujwa hatua kwa hatua mpaka ikabaki peke yake. Kwenye kopo kuna uyoga mzima uliosagwa. Na mumeo akiinywa, tumbo litaimeng'enya kama linavyomeng'enya protini ya maharage. Miguuni haifiki.

Hili limeniuma mimi mwenyewe. Uyoga wa mamama ninaoulima nao una protini ya aina hiyo, pleurostrini, iliyotangazwa mwaka 2005. Msimu wangu wa kwanza sikuchemsha vizuri maganda ya mbegu za pamba, ukungu wa kijani ukaingia, na mifuko 40 nikaitupa shimoni. Protini ilikuwa ndani ya uyoga wenyewe, na bado ukungu ulishinda.

Sasa miguu. Kwenye duka la dawa ulizia krimu ya klotrimazoli. Aoshe miguu, akaushe katikati ya vidole kabisa, apake asubuhi na jioni, na ngozi ikishapona aendelee wiki mbili nyingine. Wengi huacha muwasho ukiisha, ndiyo maana unarudi. Mkatae anayewauzia krimu ya mchanganyiko yenye betamethasoni bila agizo la daktari: inatuliza muwasho huku fangasi akisambaa. Abadilishe soksi kila siku, na mabuti yaanikwe usiku yakiwa wazi. Kama ana kisukari, au kucha zimekuwa nene na za njano, asijitibu, aende hospitali. Kucha mara nyingi huhitaji vidonge vya miezi.

Kwenye nyanya kijana amekaribia ukweli zaidi, maana Fusarium oxysporum ndiye huyohuyo aliyepimwa. Ila huyu huingia kwa mizizi na kukaa ndani ya shina, kwa hiyo maji ya kunyunyizia majani hayamkuti. Tena hamjajua kama ni yeye. Ng'oeni mche mmoja ulionyauka, mkate shina karibu na ardhi, mning'inize kipande ndani ya glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka polepole, huo ni mnyauko wa bakteria, na dawa ya fangasi yoyote ni hela ya bure. Uzi usiposhuka, pasueni shina kwa urefu. Mistari ya kahawia chini ya ganda, na majani ya chini yalianza njano upande mmoja, hapo mshukuni Fusarium. Miche iliyougua ng'oeni mchome moto, kipande hicho cha shamba kipandeni mahindi misimu kadhaa, maana fangasi huyu hukaa udongoni miaka, na msimu ujao tafuteni mbegu inayostahimili mnyauko wa Fusarium. Mara nyingi huandikwa kwenye pakiti.

Fanyeni la glasi leo jioni, kisha uniandikie mlichokiona, pamoja na jina la mbegu mliyopanda.