Kanisoma, Hajanijibu: Maswali Yenu Kuhusu Marafiki na Kuchati

Wapendwa wasomaji, meseji za mwezi huu nyingi zimeangukia palepale, marafiki na simu, nani kamsoma nani, nani kanyamaza, nani kasambaza ya mwenzake. Nimechukua chache, majina nimeyaacha kama mlivyoomba. Ya kwanza ni ndefu na nimeiweka karibu yote kwa sababu najua mko wengi wenye rafiki aliyevuka maji.

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni dada wa miaka 26 niko Tabata. Nina rafiki yangu tumekua wote, tumesoma wote mpaka form four, nguo tunaazimana, yaani mtu akimuona mmoja anauliza mwenzio yuko wapi. Mwaka jana akapata kazi Dubai kwenye duka la nguo, mwanzoni tulikuwa tunachati kila siku hadi usiku wa manane, saivi nikituma meseji tiki zinakuwa bluu halafu kimya, siku mbili, siku tatu, na huku naona kaweka stetasi yuko beach na wenzake. Nikimpigia WhatsApp haipokelewi, siku nyingine inashika halafu sauti haitoki inakata. Juzi nikamwandikia "naona siku hizi sisi sio wa hadhi yako", akasoma, akanyamaza mpaka leo. Mama anasema niachane nae pesa imemlevya. Nimfute au nimsubiri?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimfute.

Tuanze na hilo la simu kwanza manake nahisi ndo limekuumiza zaidi na halina kosa lake hata kidogo. Dubai, na Falme za Kiarabu zote, kupiga simu kwa WhatsApp kumezuiwa miaka mingi, ya sauti na ya video. Meseji zinapita, picha zinapita, voisi noti zinapita, lakini ukipiga ama haiunganishi kabisa ama inashika halafu husikii kitu, yaani vilevile ulivyoeleza. Hajakukatia simu. Watu wa kule wanapiga nyumbani kwa programu nyingine zilizoruhusiwa, inayojulikana sana ni Botim, muulize yeye anatumia ipi na wewe uiweke kwenye simu yako. Ila tafadhali usimshawishi atafute njia za uchochoro za kuifungua hiyo WhatsApp, sheria za kule ni kali na atakayeulizwa ni yeye, sio wewe uliye Tabata.

Sasa tiki za bluu. Tiki za bluu zinakwambia kitu kimoja tu, kwamba meseji imefunguliwa. Hazikwambii imefunguliwa wapi na mtu akiwa na hali gani. Fikiria mtu anayesimama dukani tangu asubuhi, maduka makubwa ya kule yanafunga usiku mwingi, na wao wametutangulia saa moja, kwaiyo wewe ukiwa saa nne umejilaza unachati kwako kwake ni saa tano na pengine ndo kwanza anapanda basi. Anaisoma meseji yako amesimama, mkono mmoja umeshika bomba, anajiambia ntamjibu nikifika nikitulia, anafika chumbani wanalala wengi, anaoga, usingizi unamchukua. Kesho kuna meseji nyingine kumi juu ya yako. Siku ya tatu anaikumbuka, na sasa anaona aibu, anaanzaje kujibu "mambo" ya juzi? Siku ya nne aibu imekuwa kubwa zaidi. Mwanangu, hiyo aibu imevunja urafiki mwingi kuliko hicho kiburi cha pesa anachokisema mama, na mama mwambie namheshimu sana ila kwa hili asubiri kidogo.

Utaniambia, mbona stetasi anaweka? Stetasi haimdai mtu chochote. Anapiga picha siku ya ofu, anaweka, basi. Kukujibu wewe ni kazi nyingine, wewe unamjua, ukimuuliza uko vipi hawezi kukudanganya, itabidi aseme ukweli, na inawezekana ukweli wenyewe ni kwamba hayuko sawa. Hakuna anayeweka stetasi ya siku aliyofokewa na bosi mbele ya wateja.

Ile meseji ya "sisi sio wa hadhi yako" ndo siipendi. Hicho ni kijembe, na mtu akipigwa kijembe ana mawili, ajitetee au anyamaze, yeye kachoka kanyamaza. Lifute hilo kwa kumtumia voisi noti fupi, ya dakika moja tu, tena rekodi ukiwa mtaani asikie na bodaboda na kelele za kwenu, mwambie kitu kama hiki: "Shoga nimepita pale kwa mama wa mihogo kakuulizia, nikamwambia upo. Ile meseji ya juzi niliandika nikiwa nimekasirika, nimekumiss tu. Usihangaike kujibu leo, siku uko ofu niambie saa ngapi nikupigie." Umeona? Hujamuuliza kwanini, hujamdai maelezo, umempa pa kuanzia.

Na kama wiki mbili tatu zikipita bado kimya, usiendelee kuhesabu tiki, nenda kwao ukamsalimie mama yake. Mtu aliye ugenini kunyamaza kwake kunaweza kuwa ni shida kweli, ya kazini au ya mwili, na nyumbani ndo wanakuwa wa kwanza kujua. Ukikuta yuko salama utarudi na moyo mweupe, ukikuta ana shida utakuwa umefika mapema.

SWALI: Anti za kazi, rafiki yangu anapenda kutuma voisi noti za dakika saba, mimi niko kaunta siwezi kusikiliza, jioni akiniuliza umesikiliza nasema ndio halafu naulizwa maswali naumbuka. Nifanyeje?

JIBU: Usimdanganye, anajua. Kile kialama cha maiki kinageuka bluu ukishaicheza, na hata ukizima tiki za bluu kwenye mipangilio hicho cha voisi noti hakizimiki. Mwambie tu niko kaunta, kama la haraka niandikie mstari mmoja, hayo mengine ntasikiliza nikiwa kwenye daladala narudi. Na tangu 2021 unaweza kuikimbiza, gusa pale palipoandikwa 1x iende 1.5 au 2, dakika saba zinakuwa tatu na nusu. Ila kama analia usimkimbize, msikilize mwendo wake.

SWALI: Anti mimi ni kaka wa miaka 34 niko Mwanza. Tulifungua grupu la tuliomaliza wote sekondari, mwanzo lilikuwa tamu kweli, picha za zamani, vichekesho, kukumbushana walimu, sasa hivi limebaki michango tu, mara harusi, mara kitchen party, mara ubatizo, mara msiba, katikati watu wanafowadi maua ya asubuhi njema na habari za uongo. Nikitoka wataniona nimejiona. Nikikaa simu haipumui na mfuko pia.

JIBU: Kaka yangu, umechanganya mambo matatu, tuyatenganishe.

Kelele za simu ni rahisi, limyuti na uliweke kwenye akaivu, utaingia ukitaka wewe. Na ukiamua kutoka, siku hizi, tangu 2022, ukitoka wanaoarifiwa ni maadmini tu, sio grupu zima kama zamani ambapo jina lako lilikuwa linabaki pale "ametoka" kila mtu analitolea tafsiri yake. Lakini mimi nakuomba usitoke, na sababu yangu ni msiba. Harusi unaweza kukosa kadi maisha yakaendelea, ila ukifiwa, wale wa form four ndo wanaokuja kukaa na wewe kwenye turubai hata kama hamjaonana miaka, na wanajua kwa sababu ya hilo grupu.

La michango, ongea na admini, kwa ustaarabu, sio mbele ya grupu. Kila shughuli ifunguliwe grupu lake, na mweka hazina wake na tarehe ya mwisho, ikiisha linafungwa. Anayetaka kuchangia anaingia, asiyeweza hatafutwi. Na wewe ukiwa huna, andika moja kwa moja kwa mwenye shughuli, faragha, "ndugu safari hii sina ila siku yenyewe nipo, nipangie kazi ya mikono". Wanaume wengi wanaona aibu kusema sina, wanachagua kujificha, halafu wanapoteza rafiki kwa sababu ya elfu hamsini ambayo pengine mwenzie wala hakuihesabu.

Maua ya asubuhi yavumilie, kuna mtu pale hiyo ndo salamu yake pekee kwa siku. Habari za uongo usizivumilie. Ukiona meseji ina vile vishale viwili juu imeandikwa imesambazwa mara nyingi, ujue imeshapita mikono mitano na zaidi, ndo maana WhatsApp tangu 2020 wanakuruhusu uipeleke chati moja moja tu. Mfuate aliyeituma pembeni umwambie, usimuumbue mbele za watu, akiumbuka ataitetea.

SWALI: Anti naandika huku natetemeka. Niko Tanga, nina ndoa ya miaka sita. Mume wangu alikopa pesa akanificha, nikamweleza rafiki yangu wa karibu kwa meseji, maneno mengi ya hasira na mengine ya kumkashifu mume wangu. Yule rafiki akapiga skrinishoti akamtumia mwenzie, mwenzie ni jirani wa wifi yangu. Wifi keshaona. Mume bado. Nimejaribu kuzifuta kwa wote nimeambiwa muda umepita. Nifanye nini Anti?

JIBU: Pole sana dada. Leo, kabla hujafanya lingine lolote, mwambie mumeo mwenyewe. Asiisikie kwa dada yake. Subiri watoto walale, kaa nae chini, mwambie niliumia na lile deni, nikamweleza fulani kwa meseji, nikaandika maneno makali, na yametoka nje. Atakasirika, ndio, ila atakasirikia kitu alichokisikia kwa mkewe. Akisikia kwa dada yake hasira zinakuwa mbili na hiyo ya pili haiponi haraka. Usilichomeke deni lake hapo kama kisingizio, hilo mtalizungumza siku nyingine, na lazima mlizungumze.

Kesho yake nenda kwa wifi yako kwa miguu yako. Usimpigie. Mwambie nimeshaongea na kaka yako, samahani kwa uliyoyaona. Ukishasema hivyo hana tena cha kupeleka.

Hizo meseji acha kuhangaika nazo. Kweli unaruhusiwa kufuta kwa wote ndani ya siku mbili na kidogo, lakini hata ungewahi, skrinishoti ni picha, iko kwenye simu ya mtu na haifutiki na wewe. Watu wanasikia meseji za WhatsApp tangu 2016 zinafungwa zikiwa njiani, hakuna anayeweza kuzisoma katikati, wanadhani siri zao ziko salama, na ni kweli katikati hakuna anayesoma, ila mwisho wa safari kuna mkono wa mtu ulioshika simu.

Kwa huyo rafiki, usimwandikie hata neno moja, utakachomwandikia nacho kitapigwa picha. Mfuate, mkiwa wawili tu, muulize ulimtumia nani na kwanini, halafu unyamaze umsikilize. Wako wanaosambaza kwa umbea na wako wanaosambaza kwa sababu siri imewazidi wanatafuta wa kuwashauri, utamjua tu anavyokujibu. Ukiona ni la pili msamehe. Ukiona ni la kwanza msamehe pia, lakini mambo ya chumbani kwako yameishia hapo, na ukiwa na jingine zito tafuta mtu wa kukaa nae ukalisema kwa mdomo.

SWALI: Anti, kuna mama mtu mzima tumezoeana sana kwenye kikoba, ni kama rafiki yangu, nikimwandikia "shkm" hajibu, nikiandika kitu kingine anajibu. Kakasirika nini?

JIBU: Iandike yote, shikamoo. Kufupisha kulikuwa na maana enzi za meseji za kawaida, herufi 160 ukizidisha unakatwa ya meseji ya pili, saivi uko na bando unabania herufi nne za heshima kwa nani? Kwa mtu mzima shikamoo iliyokatwa ni kama hukumwamkia. Iandike, mwache akuitikie, ndo uendelee na ya kikoba.

SWALI: Shikamoo Anti, mimi ni mwanachuo niko Dodoma, mkimya kidogo. Nina marafiki wa nyumbani ninaowapenda ila tukichati ni hivi: "Mambo" "Poa" "Niambie" "Poa tu, we?" "Fresh" halafu basi, imeisha. Nahisi tunapotezana na sijui niseme nini.

JIBU: Marahaba baba. Shida haiko kwenye ukimya wako, shida iko kwenye "niambie". Niambie nini sasa? Umemrushia mwenzio kazi yote, nae kakurudishia. Salamu muhimu, isalimie vizuri, ila ukishamaliza mpelekee kitu kimoja chenye jina na mahali. Jaribu hivi:

"Oya, leo kantini wametoa wali maharage, yana mchanga kama yale ya bwenini, nikakukumbuka ulivyokuwa unayatema. Vipi yule mbwa wenu alipona mguu?"

Hapo hawezi kusema poa. Atakwambia ya mbwa, kwenye mbwa ataingiza ya baba yake, kwenye baba yake utasikia kwamba duka limefungwa na hajui ada ataitoa wapi. Mambo mazito ya vijana wa kiume yanapitia hukohuko kwenye mbwa na maharage, hawayaanzi kwa mbele. Na akikutajia jambo usilipite, wiki ijayo muulize limefikia wapi, hilo tu la kukumbuka linamwambia ulikuwa unamsikiliza.

Anza na mmoja, yule unayemkumbuka zaidi. Akijibu "poa" kwa hilo nalo basi mpigie, kuna watu kuandika hawawezi kabisa ila wakishika simu bando lako litaisha wao bado wanaongea.