Mgeni mwenye mzio wa karanga, mwingine maziwa yanamsumbua

Dada, umeuliza utawalisha nini watoto hao wawili kwenye birthday ya mwanao. Wapigie mama zao leo, maana uzito wa matatizo yao haulingani kabisa. Ambaye tumbo lake halimeng'enyi maziwa, bila kuwa na mzio nayo, atajaa gesi na kuharisha. Mwenye mzio wa karanga anaweza kuvimba koo akashindwa kupumua ndani ya dakika chache. Kashata za karanga zisiingie nyumbani siku hiyo, hata kwa watu wazima.

Mimi ningepika vitumbua vya mchele mtupu, tui la nazi, hamira, sukari na iliki. Havina maziwa, ngano wala mayai, na watoto wote watakula sahani moja bila mtu kutengwa, jambo ambalo kwangu ni kubwa. Tumia mafuta mapya, si yaliyokwisha kukaangia karanga. Keki oka mwenyewe kwa tui na mafuta ya alizeti.

Mama wa mwenye mzio muombe abaki, na kama wana sindano ya adrenalini, ile dawa ya dharura ya mzio mkali, aje nayo. Midomo ikivimba au akianza kukohoa na kuhema kwa shida, achomwe hapo hapo na mkimbie hospitali. Msisubiri vidonge vya mzio vifanye kazi.