Barua ya halmashauri na mtoto asiyefuata mtaala

SWALI: Tunaishi Leicester, Uingereza. Mwezi Januari nilimwandikia mwalimu mkuu, nikamtoa shuleni binti yangu wa miaka 9, na tangu hapo anajifunza nyumbani kwa kufuata anayoyapenda: mapishi, treni na kuchora ramani. Hatuna ratiba wala vitabu vya mtaala. Sasa halmashauri imeniandikia ikiuliza anapata elimu gani. Nijibu nini? Na hesabu, ambayo haipendi kabisa, nifanyeje?

JIBU: Mama, ondoa hofu, hujavunja sheria. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Elimu ya mwaka 1996, kinachotumika England na Wales, kinamtaka mzazi ahakikishe kwamba mtoto anapata elimu ya kutwa yenye tija, inayolingana na umri na uwezo wake pamoja na mahitaji yake maalumu kama anayo, iwe shuleni au kwa njia nyingine. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayokulinda: hulazimiki kufuata mtaala wa taifa, kupanga ratiba wala kuhesabu saa. Hata hivyo usiinyamazie barua hiyo, kwa sababu halmashauri ikiona hakuna dalili ya elimu inayofaa, kifungu cha 437 kinaitaka ikupe notisi ya siku zisizopungua 15 ili uithibitishie, na usipoiridhisha inaweza kuamuru mtoto aandikishwe shule. Jibu kwa maandishi ndani ya muda uliopewa, kurasa mbili zinatosha. Eleza anachofanya, taja vitabu alivyoazima maktaba, ambatisha picha za ramani zake.

Wazazi wengi ninaowashauri hukwama kwa kudhani kwamba kumfuata mtoto ni kumwacha. Kazi yako haijapungua, imehama tu kutoka kufundisha kwenda kutazama, kuuliza na kuandika. Weka daftari jikoni, na kila jioni andika tarehe, alichofanya na swali aliloliuliza mwenyewe. Kwa mfano: "Jumanne, maandazi. Unga gramu 500 hutoa 20, tunataka 30. Aligawa 500 kwa 2, akajumlisha, akapata 750. Aliuliza: je, hamira nayo iongezwe vivyo hivyo?" Huo ni uwiano, na swali lake la hamira lina thamani kuliko ukurasa mzima wa mazoezi, kwa sababu limetoka kwake.

Treni nazo ni hazina. Mwulize treni ya 14:37 bibi yake wa Tanga angesema inaondoka saa ngapi, na mwache ahangaike mpaka afike saa nane na dakika thelathini na saba mchana. Akitaka kujua kwa nini saa zetu zinapishana kwa sita, mmeingia kwenye jiografia bila kubadili somo.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema kila kitu kitakuja chenyewe. Jedwali la kuzidisha na kugawanya kwa njia ndefu havizuki jikoni, kwa hiyo mpendekezee dakika kumi, akikataa ziache, kisha mrudie wiki ijayo kwa mchezo wa karata au dadu. Akifika miaka 12 au 13, hesabu ya kuandika iwe imeshazoeleka, maana akitaka kufanya mtihani wa GCSE, yaani ule wa sekondari wa huko, akiwa na miaka 16 atakuwa mtahiniwa wa kujitegemea, na ni wewe utakayetafuta kituo kinachopokea watahiniwa wa aina hiyo na kulipa ada yake.