Sili mpya ya transfa na bado inavuja? Anza na breza

Mkuu, umesema Land Rover Defender yako ya zamani imebadilishwa sili (mpira wa kuzuia oili) ya nyuma ya transfa, ile gia boksi ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma, hapo Mpwapwa na bado inadondosha oili. Usinunue sili nyingine kwanza. Kagua breza, kile kimrija cha kupumulia. Kwa vumbi la huku kwetu huziba haraka. Transfa ikipata moto, presha inakosa pa kutokea na kusukuma oili kwenye mdomo wa sili, hata kama ni mpya.

Breza ikiwa safi, fungua propela ya nyuma, shafti inayotoka transfa kupeleka nguvu magurudumu ya nyuma. Lakini weka mawe kwenye matairi kabla! Hendibreki ya Defender hizi za zamani inashika kwenye propela ya nyuma, si kwenye magurudumu, kwa hiyo ukitoa propela gari linaondoka zake. Piga alama ili propela irudi ilivyokuwa.

Sasa pitisha ukucha kwenye flenji, kile chuma cha transfa kinachofungwa na propela, pale sili inapokaa. Ukikwama kwenye mfereji, flenji imelika, na nadhani tatizo lako liko hapo. Itikise pia: ikicheza juu na chini, beringi imekwisha, sili haitadumu.

Sili igongwe kwa kuzunguka, ikae sawa, mdomo umepakwa oili. Mafundi wengi wanaibamiza upande mmoja tu. Kagua na lainingi za hendibreki. Zikilowa oili hazishiki tena.

Ukibadili oili, legeza nati ya kujazia kabla ya kumwaga. Ikigoma wakati transfa ni tupu, hapo ndipo utamtafuta fundi wa kuchomelea usiku.